Maslaha ya Umma ni ya Nani?

Uwanja wa ndege wa Kisumu ulipanuliwa, ukafunguliwa upya mwaka 2012; watu wa Kogony na Usoma wakateta juu ya ardhi yao. Jawabu la siku zote ni maslaha ya umma. Twauliza: umma upi? Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliitaka nyumba ya Al-Abbas ili kuupanua Msikiti wa Madina, na Ubayy bin Kaab akahukumu kuwa haichukuliwi ila kwa ridhaa ya mwenyewe. Huo ulikuwa msikiti; sembuse uwanja wa ndege!

Na chai yetu ya Kiptere haipandi ndege. Huenda Mombasa kwa lori. Reli mpya, iliyokusudiwa kupita Bomet, ilikomea Naivasha mwaka 2019. Tungalishauriwa, tungaliitaka hiyo kwanza.