Daftari la Madeni

Mpwa wangu yuko darasa la sita. Akitoka shule hapitilizi nyumbani, anakwenda kwanza Mtaa wa Congo, Kariakoo, kumshikia mama yake meza ya madera. Jumamosi moja nilikaa naye pale, nikaokota daftari la madeni lililolaliwa na kalkuleta, nikasoma alichoandika: "Yule mama wa Buguruni, madera 2 ya maua. Katoa elfu kumi, iliyobaki kasema Ijumaa. Hiyo Ijumaa ya tatu."

Hiyo Ijumaa ya tatu! Nilimwona yule mama mzima mzima, na visingizio vyake.

Nikaomba na daftari la shule. Insha: Likizo Yangu. Mtoto wa humo kaamka alfajiri, kapiga mswaki, kapanda basi kwenda kijijini kumsaidia bibi kuchota maji mtoni. Bibi mwenyewe kazaliwa hapa hapa mjini, mtaani Gerezani, na hajahama. Chini, kwa kalamu nyekundu: nane kwa kumi.

"Mbona hukuandika ya hapa mezani?"

"Mjomba, hiyo siyo insha."

Nilikumbuka kisa cha rafiki yangu, mwalimu wa shule moja ya hapa mjini. Alirudi semina na moto: watoto waandike rasimu, wasomeane wawili wawili, wakate, waandike upya. Darasa lake lina watoto zaidi ya 80. Ukisahihisha rasimu mbili za kila mmoja, jioni hiyo hupiki wala hulali. Hilo angelivumilia. Kilichomvunja ni mzazi aliyefika na daftari mkononi: "Mwalimu, mtoto kafutafuta namna hii, na wewe umempa tiki?"

Simcheki mzazi yule. Mtu wa Kariakoo anashinda na risiti. Risiti iliyokatwakatwa maana yake kuna mtu kaibiwa. Daftari safi ndilo ushahidi pekee anaouona wa kazi inayofanyika kule darasani. Mwenye semina hakumweleza kwamba mkwaruzo nao ni kazi.

Na mtihani ulikuwa upande wa mzazi. Kwa miaka mingi, sehemu ya utungaji katika Kiswahili cha darasa la saba ilikuwa hivi: mtoto anapewa sentensi nne zilizovurugwa, azipange kwa herufi A, B, C na D. Akimaliza, kahesabiwa ametunga, na hajaandika neno hata moja. Mtaala wa 2005 ulikuja na umahiri, yaani mtoto aweze kutenda, siyo kukariri tu. Lakini mwaka 2012 majibu yakaanza kusahihishwa kwa mashine. Mashine haisomi visingizio vya mama wa Buguruni. Sasa tuna mtaala mwingine, ulioanza kutumika Januari 2024, na najua watu wanaouandalia semina. Nawaombea heri. Ila ningekuwa mimi, ningeanza na kikao cha wazazi, nikawaonyesha rasimu moja chafu na nakala yake safi, nikanyamaza.

Pale mezani nilimwambia mpwa wangu aandike habari za yule mdaiwa, ukurasa mmoja. Akageuza daftari la madeni, akaanza nyuma. Mstari wa tatu akakwama, akamgeukia mama yake.

"Mama, alisema Ijumaa gani?"

"Hakusema Ijumaa. Alisema inshallah Ijumaa. Andika inshallah, maana ndiyo iliyoniponza."

Akakata, akaandika juu yake. Jirani wa meza ya pili, muuza soksi, akadakia kwamba siku hiyo mama yule alikuja na mtoto mgongoni, nani angemkatalia. Mtoto naye akaingizwa, kwa mshale. Ukurasa ukawa kama uwanja wa kuku.

Alipomaliza aliusoma kimoyomoyo, akacheka peke yake, kisha akaushika pembeni auchane akanakili vizuri nyumbani.

"Wee!" mama yake akamdaka mkono. "Usichane. Upande wa pili kuna hela za watu."