Maji tohara, je, ni salama?

Tukiwa katika mlango wa tohara, mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama kisima kilichoingiwa na dawa ya wadudu kinafaa kwa udhu. Jibu analolizoea kila aliyesoma fiqhi ya Kishafii ni hili: maji yakifika kullatain hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Lakini hukumu hiyo ni ya najisi. Sumu ni mlango mwingine, na hapo ndipo wengi tunapochanganya mambo.

Chukua mfano wa DDT. Ni nadra sana kuyeyuka majini. Hung'ang'ania udongo na matope, kisha huingia katika mafuta ya samaki na ng'ombe, na hata katika maziwa ya mama. Kisima huonekana safi kabisa. Ardhini, nusu yake yaweza kuchukua miaka 2 hadi 15 kutoweka, na neno "kutoweka" lenyewe linapotosha, kwani sehemu kubwa hugeuka kuwa DDE, inayodumu kuliko hata DDT yenyewe. Tunafundisha kuwa mvinyo ukigeuka siki wenyewe huwa tohara. Hapa kitu kimegeuka, jina limegeuka, madhara yamebaki palepale!

Mwaka 1986 nchi yetu ilipokea kutoka Ugiriki msaada wa dawa za wadudu, DDT ikiwemo. Ziliwekwa shamba la Vikuge, Kibaha, katika banda ambalo baadaye lilibomoka. Watafiti waliopima udongo wa pale miaka mingi baadaye waliikuta DDT pamoja na mabaki yake. (Msaada nao una mambo yake.)

Sasa tuulizane, ndugu msomaji. Toba inayohusu haki ya mja haitimii mpaka haki irejeshwe. Mwizi wa ng'ombe anamjua mwenye ng'ombe. Aliyemwaga bondeni dawa iliyokwisha muda amrejeshee nani, ilhali huenda atakayedhurika bado hajazaliwa?

Wapo watakaosema kuwa mtu halaumiwi kwa asilolijua. Kwa upande wa dhambi nakubali. Lakini wanazuoni wametenganisha dhambi na dhamana: ukivunja chungu cha jirani kwa bahati mbaya huna dhambi, ila chungu utalipa. Na tangu Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, uliobakiza DDT kwa kupambana na wadudu waenezao maradhi kama mbu wa malaria tu, udhuru wa kutojua umekuwa mwembamba mno.

Kwa maoni yangu, deni hili lina pa kulipwa, napo ni kwenye ardhi yenyewe: udongo ule uchimbwe, uondolewe, na waliokizunguka kisima wapatiwe maji mengine. Gharama ni ya aliyemwaga. Akiwa amekufa, itoke katika mali aliyoiacha kabla ya mirathi kugawanywa, kama litokavyo deni la duka.