Je, Yafaa Kutunza Udongo Usio Wetu?

Tangu mauaji yalipoanza katika nchi ya Beni mwezi wa Oktoba 2014, jamaa wengi wameacha mashamba yao, wakakimbilia mjini Beni na Butembo. Mwenye bahati hupata nyumba ya kupanga yenye kipande cha ardhi nyuma yake. Hapo hupanda lengalenga na maharagwe, na kufuga kuku watano au sita. Nasi twasikia wakisema: “Kwa nini nitie mbolea katika udongo wa mwingine? Kesho atanifukuza.” Neno hili si la mvivu, ni la mtu aliyekwisha kupoteza shamba. Lastahili kujibiwa kwa heshima.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Kuku hula makombo na wadudu, naye hutupa mayai na samadi. Samadi mbichi ni kali, huunguza mizizi. Lakini tukiichanganya na nyasi kavu, maganda na majani ya migomba, tukainyunyizia maji kidogo na kuigeuza, hupata joto. Na baada ya miezi miwili au mitatu hupoa na kuwa mbolea nyeusi. Udongo uliotiwa mbolea hiyo hushika maji, wala mvua ya milima ya Butembo haiuchukui upesi. Basi mpangaji hupata sehemu ya ujira wake katika mavuno ya kwanza. Sehemu nyingine hubaki kwa atakayekuja.

Je, sehemu hiyo yapotea bure? Tuulize kwanza ardhi ni ya nani. Sheria ya mwaka 1973 yasema kwamba udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Mwenye hati amepewa haki ya kuutumia tu. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, chaenda mbali zaidi: nchi ni ya Mungu, nasi sote tu wageni kwake. Kumbe, mwenye kiwanja naye ni mpangaji! Tena katika Injili ya Luka, sura ya 13, yule aliyeomba mwaka mmoja zaidi ili autilie mtini samadi hakuwa mwenye shamba, bali mtumishi.

Lakini wajibu huu una pande mbili. Mwenye kiwanja angojaye mgeni arutubishe udongo, kisha amfukuze au ampandishie kodi, amekula jasho la maskini. Huo ni wizi, hata kama hakuna hakimu wa kumwita. Wapatane mapema mbele ya mashahidi: mgeni atakaa muda gani, na akiondoka, mazao yaliyo shambani ni ya nani.

Siku ya kuhama, mpangaji atachukua kuku wake. Udongo atauacha, nao utalisha watoto asiowajua. Naye pia ana shamba aliloliacha nyuma. Amani ikirudi, akikuta mtu amelima pale, angependa kuukuta udongo wake katika hali gani? Basi autendee vivyo hivyo udongo aliopewa leo.