Je, Vitabu Humtenga Mtu na Watu Wake?

Wazee wengi wa huku kwetu Mara, toka Musoma hata Bunda, hawamchukii mtu asomaye. Walakini humtilia shaka. Mtoto akisoma ili afaulu mtihani, wote humsifu, kwa maana faida yake yaonekana. Lakini mtu mzima asiye na mtihani wo wote mbele yake, ambaye jua likishatua huketi na kitabu badala ya kwenda kuzungumza na wenzake, huyo husemwa. Husemwa ya kuwa kitabu hakiitikii salamu, wala hakiendi matangani. Mimi ni mmoja wa hao wasemwao, maana tangu ujana nimesoma kila karatasi iliyopita mkononi mwangu, hata gazeti lililofungiwa sukari. Nataka kulipima neno hili la wazee bila kujitetea, kwa sababu naona lina kweli nyingi ndani yake.

Asomaye hadithi humwazima mtu asiyemjua moyo wake. Jambo hili ni jema, lakini si salama. Tuliosoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha Rider Haggard kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1929, twakumbuka jinsi tulivyotembea jangwani pamoja na wale Waingereza watatu, tukaona kiu pamoja nao, tukafurahi walipookoka. Mtoto wa Musoma aliweza kukimaliza kitabu kile akiwa upande wa wenye bunduki toka mwanzo hata mwisho, wala asijiulize lo lote. Ni kweli kwamba mmo ndani yake Mwafrika aliye mfalme halali wa nchi yake. Lakini hata yeye hurudishiwa kiti chake kwa msaada wa wageni. Basi moyo ulioazimwa hupelekwa po pote apendapo mwandishi, na mwenye moyo huo hana habari.

Tena huruma ya kitabuni haina gharama, na hapa ndipo naona wazee wametushinda. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, kisa cha binti aliyelelewa na baba mkali mlevi, kisha akaharibikiwa asiwe na wa kumshika mkono. Kitabu hicho kilizuiwa shuleni kwa muda, kwa kuogopa kwamba kitawapotosha vijana. Sikuona hatari yake kwa vijana. Hatari niliyoiona ilikuwa kwa watu wazima. Nalimjua mtu mmoja, msomaji hodari, aliyekuwa akisimulia habari za Rosa mpaka sauti yake hubadilika. Siku ukoo wake ulipoketi kumjadili mke wa ndugu yake, ambaye alikuwa hajazaa kwa miaka sita, yeye ndiye aliyesema wa kwanza kwamba arudishwe kwao na ng'ombe wadaiwe. Hakuona kuwa hayo mawili yanahusiana. Alikwisha kuitoa huruma yake kitabuni, akaona ametimiza wajibu.

Mtu kama huyo vitabu vimemtenga na watu wake kweli, ingawa alihudhuria kila kikao na kila matanga. Kwa hiyo nasema kwamba kutengwa si kukaa peke yako na taa. Mtu anaweza kukaa peke yake usiku kucha na kitabu, na kitabu hicho kikawa chamsogeza mlangoni kwa jirani.

Mfano wake tunao karibu. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, akaanza shule Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934. Alipokuwa Makerere, kati ya mwaka 1943 na 1945, alisoma mawazo ya John Stuart Mill, Mwingereza aliyeandika mwaka 1869 juu ya jinsi wanawake wanavyotiishwa chini ya waume. Kitabu kile kilikuwa na habari za sheria na desturi za Kiingereza. Kijana yule angeweza kukitumia kuwacheka Waingereza, au angekijibu katika mtihani akakiacha. Hakufanya hivyo. Aliandika insha akiyapima kwa mawazo hayo maisha ya wanawake wa Kizanaki, yaani mambo ya boma la baba yake mwenyewe, ambamo mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi. Hiyo ndiyo kazi ngumu ya kusoma. Kitabu cha mbali chageuzwa, chaelekezwa nyumbani, na nyumbani ndiko kwenye wale tuwapendao na tuwaogopao.

Sitaki kumfanya mtu awaye yote malaika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyopitishwa yeye akiwa Rais, iliweka miaka 18 kwa mvulana, na 15 kwa msichana akikubaliwa na wazazi. Vifungu hivyo vilikataliwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kati ya insha ya kijana na sheria ya nchi pana safari ndefu, na mawazo mengi huchoka njiani. Hata hivyo aliendelea kusoma namna ile ile, ya kuvileta vitabu nyumbani. Alimfasiri Shakespeare mara mbili, na mchezo wa pili akauita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Neno bepari zamani lilikuwa jina la mfanyi biashara tu, lililokuja pwani pamoja na Wahindi. Lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha hakuna aliyelisikia hivyo. Nadhani hata anwani ile ilikuwa hukumu.

Walakini hapa pana shimo jingine, na wengi wetu tulio walimu twatumbukia humo. Aipimaye nyumba yake kwa vitabu vya kigeni tu, mwisho huidharau. Huona kila desturi ya kwao ni giza, na kila lililopigwa chapa ng'ambo ni nuru. Dawa ya ugonjwa huu iko ng'ambo ya maji, safari isiyomaliza siku kutoka Bunda, kwa njia ya kivuko cha Kisorya. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alisoma seminari ya Rubya, akajua Kilatini na lugha za Ulaya. Kisha akaketi kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Alimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kukipiga chapa. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Na kisa chenyewe ni nini? Ni mume na mke wasiopata mtoto. Ndugu za mume wamsema mke, wazazi wake wamchukua, na mume, badala ya kuoa mwingine na kusahau, aenda kwa wakwe zake kuomba arudishiwe. Apewa sharti la pombe ya ndizi, naye alitimiza kwa taabu nyingi. Kisha atafuta mganga, na hatimaye wapata mwana. Kitu ambacho Mill alikitafuta kwa hoja, yaani mke kuhesabiwa kuwa mtu na si shamba, Kitereza alikuwa amekiona katika desturi ya ziwa letu wenyewe, pamoja na mambo mengine yasiyopendeza, ambayo hakuyaficha.

Tena ni kitabu kilichojaa salamu. Watu wake husalimiana kwa urefu, kama inavyostahili. Nalijaribu kuwasomea wazee wawili pale Bunda, Mwikizu mmoja na Mjita mmoja, ile sehemu Myombekere anapokwenda ukweni. Hawakuninyamazia hata ukurasa mmoja. Mjita alisema kwamba mkwe hajibiwi upesi namna ile. Mwikizu alisema pombe ya ndizi si kitu, kwao hutakiwa ya ulezi. Kisha yule Mjita akauliza kama mke alitakwa shauri lake mwenyewe kabla ya kurudishwa, mwenzake akasema tangu lini mke huulizwa, wakabishana mpaka taa ikapungua mafuta, nami kidole changu kiko kati ya kurasa nikingoja.