Je, Tangazo la Mchezo ni Ahadi?

Mzazi mmoja wa Malangali, mjini Sumbawanga, ametuletea swali ambalo mwanzoni tulilidhani dogo. Jioni moja ya baridi, watu wa nyumbani wakiwa wameketi jikoni karibu na moto, mwanawe wa miaka 12 alikuwa akicheza mchezo katika simu ya baba yake. Mara likatokea tangazo la mchezo mwingine. Mtu amefungiwa chumbani, maji yanapanda, na mkono wa kuchorwa unavuta kijiti kisichofaa kuvutwa. Mtu yule akazama. Mtoto akapiga kelele, “Si hicho! Cha juu!” Akaomba ruhusa ya kuupakua mchezo ule, baba akakubali, na bando likaisha. Mchezo ulipofunguka haukuwa na chumba, wala maji, wala kijiti. Ulikuwa mchezo wa kupanga vitu vya rangi moja vitatu vitatu. Ndipo mtoto akamwuliza baba yake, “Huyu ametudanganya, au sisi hatukuelewa?” Baba hakuwa na jibu, naye anatuuliza sisi.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba michezo ya simu ni upuuzi mtupu, na anayeifuata apate hasara yake. Hatusemi hivyo. Wazee wetu hucheza bao na hakuna awaitaye wapuuzi, na mtoto asiyecheza hututia wasiwasi kuliko yule achezaye mno. Swali la mzazi huyu halimhusu mchezaji. Lamhusu yule amwitaye aje kucheza.

Kuita wanunuzi si jambo geni kwetu. Mnadani mchuuzi husimama juu ya kigoda akaisifu shuka yake kana kwamba haijapata kufumwa nyingine mfano wake, na hakuna akasirikaye. Mbona basi hatumwiti mwongo? Kwa kuwa shuka iko mkononi mwake. Msikilizaji huishika, huivuta, huitazama juani, kisha huamua. Ufipa ilisifika zamani kwa wahunzi wake na kwa tanuru zao ndefu za udongo, nasi twaamini kwamba hata siku zile mnunuzi hakulichukua jembe kwa maneno ya mhunzi tu, bali aliligonga kwanza akasikiliza mlio wake. Sifa huvumilika pale kitu kinaposimama kando yake na kujibu. Katika simu sifa hutangulia, na kitu hufuata baada ya bando kwisha.

Jambo lililompata mtoto wa Malangali limekwisha kuwafika walimwengu wengi. Mwezi wa Septemba 2020, chombo cha Uingereza kinachosimamia matangazo kiliamua kwamba matangazo mawili ya kampuni ya Playrix, ya michezo iitwayo Homescapes na Gardenscapes, yalipotosha watu. Yalionyesha mafumbo ya kuvuta vijiti, hali mchezo wenyewe kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kupanga vitu vitatu vitatu. Kampuni ilijitetea kwamba mafumbo hayo yamo, na kweli yalikuwamo, ila machache, tena mbali ndani ya mchezo. Hata onyo lilikuwapo, kwamba si picha zote zionyeshazo mchezo ulivyo. Utetezi huo haukukubaliwa. Nasi twaona ilikuwa haki, maana ulimi unaosema jambo kwa sauti kuu na kulikana kwa mnong’ono haujasema kweli.

Lakini tusiishie kwenye hukumu, kwani kuna jambo la kufikiri zaidi. Kwa nini tangazo lile lilivuta? Halikuwa zuri. Picha zake ni za kitoto, na mkono unaocheza hukosea jambo ambalo hata mtoto mdogo angelipatia. Ndiyo siri yake. Ukimwona mtu akishindwa kufungua mlango uliokwisha kuujua, mkono wako wawasha. Hufikiri juu ya kununua, wala juu ya mchezo, wafikiri tu, “Nipe mimi.” Mtangazaji ameigusa tabia njema ya binadamu, ya kutaka kusaidia na kutaka kuona jambo limefanywa sawasawa, akaigeuza kuwa mtego. Ndiyo maana wachezaji huyachukia matangazo ya namna hii kuliko yale ya kuchosha tu. Tangazo la kuchosha hukupotezea muda. Hili hukufanya ujione mjinga kwa jambo ambalo halikuwa ujinga.

Tena watu walikuwa wakiutaka kweli mchezo ule wa vijiti. Mwaka 2023 Monkeycraft, watengenezaji wa michezo wa Japani, walitoa mchezo uliokusanya mafumbo ya aina ile yanayoonekana katika matangazo ya uongo, ili watu wayacheze kweli. Twakiri kwamba tulicheka tuliposoma habari hiyo. Ahadi ilitolewa na mmoja, akaitimiza mwingine.

Kuna wasemao kwamba mchezaji huchukia kila tangazo. Si kweli. Oktoba 2008, Barack Obama alipokuwa akigombea urais wa Marekani, picha yake iliwekwa kwenye mabango ya barabarani ndani ya mchezo wa magari uitwao Burnout Paradise. Barabara huwa na mabango. Dereva alipita akaliona, akaendelea na safari yake. Mwaka 2020 kampuni ya Electronic Arts iliweka matangazo ndani ya mchezo wa ngumi na mieleka, UFC 4, yakijitokeza katikati ya marudio ya mapigano, mbele ya watu waliokwisha kuununua mchezo kwa bei kamili. Wachezaji walipiga kelele, na matangazo yakaondolewa. Mgeni apitaye barabarani na mgeni aingiaye mezani bila hodi si mamoja, hata kama wote wawili wamebeba bidhaa ile ile.

Kadhalika yapo matangazo yanayoomba ruhusa: tazama sekunde 30, nasi tutakupa uhai mmoja uendelee. Watoto huyapenda haya, maana hapo wameulizwa. Sisi wenye magazeti nasi twaishi kwa matangazo, yafaa tulikumbuke hilo kabla ya kunyoosha kidole. Lakini ukurasa wa gazeti haumzuii msomaji kuufunua unaofuata.

Tungependa sasa kusema kwamba tangazo lipendwalo na wachezaji ndilo jema, na lichukiwalo ndilo baya, tukamaliza. Mambo hayaendi hivyo. Mwaka 2011 ilitolewa filamu fupi ya kutangaza mchezo wa Dead Island. Ilionyesha familia iliyo mapumzikoni ikishambuliwa na wafu wanaotembea, na matukio yalirudishwa nyumanyuma, kwa muziki wa polepole, mpaka mtoto wa kike aliyekufa akawa hai tena, akicheka na wazazi wake. Watu walilia. Filamu ile ilipewa tuzo huko Cannes. Mchezo ulipotoka mwaka ule ule, huzuni ile haikuwamo. Kazi kubwa ya mchezaji ilikuwa kuwakatakata wafu kwa silaha za kila namna. Hapa hatuna mkono unaokosea makusudi wala kijiti cha uongo. Tuna sanaa nzuri kweli, nayo ilisema juu ya kitu kingine. Wachezaji wengi waliisamehe kwa sababu ya uzuri wake. Twashindwa kuona kwa nini uzuri uwe msamaha.

Mwaka ule ule lilikuwako tangazo jingine, nalo wazazi na walisikie. Electronic Arts, wakiutangaza mchezo wa kutisha wa Dead Space 2, waliwakusanya akina mama zaidi ya 200, wakawaonyesha vipande vya kikatili kupita vyote, wakazipiga picha nyuso zao zilivyokunjamana, kisha wakawaambia vijana: mama yako anauchukia mchezo huu. Kwa alama iliyowekwa huko Marekani, mchezo ule ni wa watu wa miaka 17 na zaidi. Basi twauliza, ni nani ambaye chuki ya mama yake ni sababu ya kununua? Mtu mzima hana haja nayo. Ni kijana wa miaka 13 au 14, yule yule ambaye mchezo haukukusudiwa kumfikia. Tangazo hilo halikusema uongo hata neno moja. Akina mama waliuchukia kweli. Lilifanya baya zaidi ya uongo: lilichukua uso wa mama aliyefadhaika, likaufanya chambo cha mwanawe.

Mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa waraka juu ya maadili ya matangazo, likataja mambo matatu: ukweli, heshima ya mtu, na wajibu kwa jamii. Tukiyashika matatu hayo twaona kwa nini swali la kupendeza halitoshi. Filamu ya Dead Island ilipendeza, ikapungukiwa na la kwanza. Tangazo la akina mama lilikuwa na la kwanza, likayavunja mengine mawili.

Tena simu haijui nani ameishika. Yamjua mwenyewe, naye ni baba wa miaka 40. Hivyo si ajabu baada ya mchezo wa kupanga matunda likaja tangazo la kubahatisha matokeo ya mpira, hali mshikaji ni mtoto. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini macho yake hayana mlinzi jikoni. Afadhali baba akae karibu, ijapo kwa dakika chache, kuliko kumkabidhi mtoto simu ili nyumba itulie. Twasema haya tukijua kwamba nasi nyumbani kwetu tumetafuta utulivu huo.

Swali la mtoto lingali mbele yetu, na jibu letu ni hili: alielewa vizuri. Alionyeshwa chumba chenye maji, akatarajia chumba chenye maji. Kosa si lake, wala si la baba yake aliyetoa bando. Twamwomba baba amwambie hivyo waziwazi, asimjibu kwamba ndivyo dunia ilivyo, maana mtoto akijibiwa hivyo mara nyingi atakuja siku moja kuyatengeneza yeye mwenyewe matangazo ya namna hiyo.

Bando halitarudi. Baba ameandika pia, chini kabisa ya barua, kwamba mtoto amekichora chumba kile kwa mkaa ukutani jikoni, pamoja na maji na vijiti, na wadogo zake hubishana kila jioni ni kijiti gani kivutwe kwanza.