Wabunge, jengeni ukuta wa Mandera kama alivyojenga Dhul-Qarnayn

 

Kila Ijumaa wengi wetu tunaisoma Suratul Kahf. Tunafika aya ya 93 hadi ya 98, tunapita. Humo mna habari za watu waliokaa baina ya milima miwili, waliochoshwa na ufisadi wa Yaajuj na Maajuj. Walimwomba Dhul-Qarnayn awawekee kizuizi, wakaahidi kumlipa. Hakuwaambia kwamba kujikinga ni upungufu wa imani. Alijenga. Lakini malipo yao aliyakataa, akataka nguvu za mikono yao tu, na vifaa vyake vilionekana kwa macho: chuma, moto na shaba iliyoyeyushwa.

Nayataja haya kwa ajili ya mpaka wa Kenya na Somalia. Mwaka 2015, mwaka ule walipouawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilianza kujenga kizuizi upande wa Mandera: nguzo za zege, senyenge na handaki. Machi 2019 Bunge la Taifa likaelezwa kwamba shilingi bilioni 3.4 zimetumika na kilichopatikana ni kilometa 10 hivi. Wabunge wakapitisha hoja ya kusimamisha kazi. Ndugu msomaji, chukua kalamu. Hiyo ni shilingi milioni 340 kwa kila kilometa, na mpaka wote ni takriban kilometa 680. Kwa bei hiyo zingehitajika zaidi ya bilioni 200. Hata shaba ya Dhul-Qarnayn sidhani ingefika huko!

Wabunge walikuwa na haki ya kukasirika. Ila mimi si katika wanaoona kwamba kufunga mfuko ndiyo jawabu. Mwizi akila fedha za matofali, hukamatwa mwizi, nyumba ikamaliziwa. Nawaomba waheshimiwa, na hasa Waislamu waliomo humo bungeni, watenge fedha za kukinga miji ya mpakani, na kila shilingi itolewe hesabu.

Najua wapo watakaoniuliza: wewe Muislamu, vipi unataka ukuta baina ya Waislamu? Mbona ule wa Israel tunaulaani? Ule Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Julai 2004 kwamba ni kinyume cha sheria kwa kuwa umejengwa ndani ya ardhi ya Wapalestina iliyokaliwa kwa nguvu. Anayejenga uani kwa jirani yake na anayetia komeo mlango wake mwenyewe hawawi sawa. Na Mtume (S.A.W.) mwaka wa 5 Hijria aliukinga mji wa Madina kwa handaki, kwa rai ya Salman al-Farsi (R.A.), akachimba yeye mwenyewe mpaka vumbi likamfunika tumbo.

Tuulize pia nani anayeumia Mandera. Novemba 2014 al-Shabaab waliteka basi wakaua watu 28 wasiokuwa Waislamu. Siku kumi baadaye wakaua 36 kwenye machimbo ya mawe. Damu hiyo ilimwagwa kwa jina la dini yetu, na Allah hakuihalalisha. Kilichofuata ni kwamba walimu wengi kutoka sehemu nyingine za Kenya waligoma kurudi kaskazini mashariki. Madarasa yaliyobaki matupu ni ya watoto wetu. Kisha Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine liliposimamishwa, abiria Waislamu walikataa kujitenga na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafa Januari 2016. Allah amrehemu. Waislamu wale walijifanya ukuta kwa miili yao kwa sababu ukuta mwingine haukuwepo.

Lakini boma liwe na milango. Mandera na Bula Hawa ni miji inayogusana. Mtu ana shamba huku na mama yake kule. Mstari unaowatenga uliwekwa na wakoloni, Uingereza ilipoikabidhi Italia nchi ya Jubaland mwaka 1925, na hakuna aliyewauliza. Mgonjwa, mfanyabiashara na anayekwenda kuzika wapite mchana, wakaguliwe kwa heshima. Kuunga udugu ni wajibu, na serikali haiwezi kuufuta kwa senyenge.

Na tusidanganyane. Mmoja wa waliovamia Garissa alikuwa mtoto wa chifu wa Mandera, tena mhitimu wa sheria. Huyo hakuna handaki ambalo lingemzuia. Kazi ya kumzuia ilikuwa yetu, misikitini na majumbani. Na askari wa mpakani anayepokea chochote gari lipite, huyo ni tundu kubwa kuliko yote.

Ndiyo maana nasisitiza hesabu. Katika safari ya Khaybar alikuwepo mtumishi mmoja aliyepigwa mshale akafa, watu wakasema ana bahati, amepata Pepo. Mtume (S.A.W.) akaapa kwamba nguo aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawiwa inamwakia moto. Kusikia hivyo, mtu mmoja akaleta kanda za viatu alizokuwa amezificha. Kanda za viatu! Sisi tunazungumzia bilioni 3.4.

Basi mheshimiwa akija msikitini Ijumaa na kupewa nafasi ya kusalimia, baada ya salamu aulizwe kwa adabu mambo mawili: zile za mwanzo zilikwenda wapi, na za kumalizia atazitetea lini bungeni.

Wabillahi tawfiq.