Upelelezi haujakamilika

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu asubuhi ya kesi za kutajwa anaujua mwendo wake. Karandinga linaingia, mahabusu wanashushwa, ndugu wanarefusha shingo waone kama mtu wao amekonda. Jalada linaitwa. Wakili wa Serikali anasimama: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa." Hakimu anafungua kalenda, zinahesabiwa siku kumi na nne, karandinga linawasha injini. Kikombe cha chai huchukua muda mrefu zaidi.

Kauli hiyo nimeisikia kwenye kesi za watu wa kila aina, wengine wezi kwelikweli. Ila tangu kesi ya Erick Kabendera siisikii tena bila kukereka.

Kabendera ni mwandishi wa habari za uchunguzi ambaye kazi zake zilitoka The Guardian, The Economist na The East African. Julai 29, 2019, watu waliovaa kiraia walimchukua nyumbani kwake Mbweni, Dar es Salaam. Polisi wakasema kinachochunguzwa ni uraia wake, hoja iliyokwisha kuibuliwa mwaka 2013 ikaisha. Siku chache baadaye mawakili wake wakaambiwa ni uchochezi, kuhusu makala ya The Economist iliyomkosoa Rais Magufuli. Agosti 5 alipopandishwa kizimbani, uraia haukuwemo wala uchochezi haukuwemo. Alisomewa kujihusisha na genge la uhalifu, kukwepa kodi ya Sh173 milioni na kutakatisha fedha.

Kwenye kutakatisha fedha ndipo pa kutua. Kwa kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, shtaka hilo halina dhamana. Na kwa kuwa kesi yenyewe ni ya uhujumu uchumi, Kisutu haina mamlaka ya kuisikiliza, hivyo mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote. Unasomewa kosa, huruhusiwi hata kusema "si kweli", kisha unarudi rumande kuwasubiri wapelelezi, nao hawana haraka.

Linganisha na chumba cha habari. Ukimpelekea mhariri habari ya ufisadi, kabla hajaisoma mpaka mwisho atakuuliza: nyaraka ziko wapi? Umempigia unayemtuhumu? Kasemaje? Ukibabaika, habari inarudi kwako hata kama umeihangaikia miezi mitatu. Mhariri wangu wa kwanza alikuwa na tabia ya kuzungushia duara jekundu kila jina la mtu asiyepewa nafasi ya kujieleza, na hakuna aliyethubutu kubishana naye. Dola, yenye polisi, Mamlaka ya Mapato na uwezo wa kufungua akaunti ya mtu benki, ilimtangaza Kabendera mhalifu wa kiuchumi kwanza, ndipo ikaanza kutafuta. Gazeti likifanya hivyo linafungiwa.

Ndiyo maana naona tunapojadili uhuru wa habari tunabisha hodi mlango usiohusika. Tuliipigia kelele Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na iliporekebishwa 2023 tukashangilia, mimi nikiwemo. Haikuwa kazi bure. Lakini Kabendera hakulala rumande karibu miezi saba kwa sheria hiyo. Alilala kwa sheria ya kutakatisha fedha, ambayo hakuna mwandishi aliyewahi kuandamana kuipinga.

Desemba 31, 2019, mama yake alifariki. Mawakili waliomba aruhusiwe kwenda kwenye misa ya kumuaga. Upande wa mashtaka ukapinga, ombi likakataliwa. Upelelezi, bila shaka, ulikuwa bado haujakamilika.

Ulikamilika vipi? Haukukamilika. Yalifikiwa makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka, na Februari 24, 2020, akatoka. Shtaka la genge liliondolewa, mengine mawili akakiri, na jumla ya faini na fidia ikapita Sh270 milioni. Wapo wanaonihoji: kama hakutenda, alikiri ya nini? Huwa nawauliza wangekaa rumande muda gani wao, wagonjwa kama yeye, wakiwa wameshakosa kumzika mama, kusubiri kesi isiyo na tarehe ya kuanza. Sijajibiwa.

Mwaka 2022 Bunge liliweka kifungu kinachomkataza mwendesha mashtaka kumfikisha mtu mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Nilifurahi mpaka nilipofika kwenye kifungu kidogo kinachofuata: makosa makubwa hayamo, na kutakatisha fedha ni mojawapo. Mwandishi wa kujitegemea anayeuza kazi zake nje analipwa kwa dola, kwa vipande, mara nyingine kupitia akaunti ya rafiki kwa sababu benki yake inasumbua. Kwa mpelelezi anayetafuta pa kuanzia, hapo pana mambo tele.

Vijana wakinijia kuuliza waanzeje kuandika habari za uchunguzi, nawaambia watafute kwanza mhasibu. Vyanzo vya habari watavikuta baadaye. Wanadhani natania.